Mwalimu apimwe na wanafunzi wake, lakini si mtandaoni

Kila shule zinapofungwa, wanafunzi wa sekondari wa Migori na Homa Bay hurejea nyumbani na kuzishika simu ambazo shule nyingi haziwaruhusu kuwa nazo. Hapo ndipo baadhi yao huwaanika walimu wao: huyu hafundishi, yule ana mapendeleo. Je, yafaa mwanafunzi amhukumu mwalimu wake hadharani?

Wapo wanaojibu upesi kuwa huo ni utovu wa adabu. Sikubaliani nao. Mwanafunzi ndiye anayeketi mbele ya mwalimu dakika zote 40 za kila kipindi. Katika utaratibu wa TPAD, ulioenezwa nchini mwaka wa 2016 na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mwalimu hujipima mwenyewe, kisha hupimwa na mkubwa wake. Kiranja wa darasa hutia alama kuonyesha kwamba mwalimu ameingia. Haulizwi kama somo lilieleweka. Huku vyuoni, mwanafunzi hujaza fomu ya kumtathmini mhadhiri wake.

Hata hivyo, kuanika si kutathmini. Katika miji kama Rongo na Mbita, mwalimu anajulikana sokoni na kanisani. Akichafuliwa na mtu asiyetaja jina, atajitetea wapi? Tena huenda anayesemwa vibaya ni yule anayesisitiza kazi ifanywe, huku mzembe mcheshi akisifiwa. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatupa uhuru wa kujieleza, lakini kinatutaka pia tuheshimu haki na sifa za wengine.

Jambo hili limewatatiza hata majaji wa ng'ambo. Mwaka wa 2008 mahakama moja ya Paris ilizuia tovuti ya note2be kutumia majina ya walimu. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu ya Ujerumani iliiruhusu tovuti ya spickmich kuendelea kuwapa walimu alama.

Naonelea kila mwisho wa muhula wanafunzi wajaze fomu zisizo na majina, zinazouliza juu ya ufundishaji wala si sura au mavazi. Mwalimu azisome, kisha alijibu darasa lake. Naibu wa mwalimu mkuu afuatilie yaliyoahidiwa.

Uhalifu ni jambo jingine. Mwalimu anayewanyemelea wasichana, au anayechapa viboko vilivyopigwa marufuku mwaka wa 2001, hahitaji kupewa alama. Ashtakiwe kwa TSC na polisi, au mtoto apige simu nambari 116. Pale maneno ya mtandaoni hufutika, na mkosaji akabaki darasani.

Nanyi wakuu wa shule, msimwadhibu anayesema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua. Shule inayowaziba wanafunzi vinywa isishangae kusikia habari zake zikisomwa na dunia nzima.