Mayi ya kiziwa isikimbie bure

Mvua imekwisha, na mbele ya mwezi wa 11 haitarudi muzuri. Lakini huku Likasi na Kipushi tunaona viziwa vya samaki ambavyo mufereji wao uko wazi usiku na mchana: mayi inaingia huku, inatoka kule. Wenyewe wanasema samaki anapenda mayi mupya. Tilapia hapana! Mayi ikitulia inageuka kijani, na ile kijani ndiyo chakula chake. Ukiiacha ikimbie, chakula kinakwenda nayo, baridi inaingia, samaki anabaki mudogo. Ongeza tu ile iliyokunywewa na jua. Kama inapunguka mbio, kiziwa kinavuja: shindilia udongo wa mfinyanzi. (Mayi iliyosafisha mawe ya mugodi, tusiitie hata kidogo.)

Na siku ya kuvua, mbona tunaitupa mtoni? Iko na mbolea ya samaki ndani. Lengalenga za mama zinakauka pale chini ya kiziwa, naye anapanda na ndoo kichwani. Wababa, siku ya kupumzika chimbeni mufereji mudogo mpaka kwa bustani yake.