Butembo-Beni: Injini inayogonga haiimbi, inalia

Asubuhi kwenye kituo cha VGH mjini Butembo, kabla jua halijaondoa baridi ya milima, pikipiki zinawashwa moja baada ya nyingine. Kuna zinazoitika kwa sauti laini. Kuna zingine zinazotoa kelele kama ya mnyororo unaotikiswa ndani ya mkebe: kra-kra-kra. Baada ya dakika chache kelele inapungua. Motari anapangusa kiti na kuita wateja wa Beni. Mama mwenye mtoto mgongoni akiuliza kelele hiyo ni ya nini, jibu ni lile lile la kila siku: "Inaimba tu, mama. Ikishapata moto itanyamaza."

Haiimbi, inalia. Na wanaoiacha ilie, kuanzia mwenye pikipiki hadi fundi na motari mwenyewe, wanacheza na maisha ya watu ambao hawana njia nyingine ya kusafiri.

Kwanza ieleweke kelele hiyo inatoka wapi. Pikipiki nyingi zinazobeba watu hapa, Boxer na TVS, zina sheni mbili. Moja inaonekana nje, ndiyo inayozungusha gurudumu la nyuma. Ya pili imefichwa ndani ya injini, pembeni ya silinda. Inaunganisha shafti kubwa ya chini, inayozungushwa na pistoni, na shafti ndogo ya juu inayofungua na kufunga supapu. Shafti ya chini ikizunguka mara mbili, ya juu inazunguka mara moja, bila kukosea hata jino moja. Pikipiki ikipanda mlima kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila supapu inafunguliwa mara 3,000 ndani ya dakika hiyo moja.

Sheni hiyo inachakaa na kurefuka polepole. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka kikaza sheni, ambacho mafundi wanakiita tandere. Ni kidole cha chuma chenye springi na meno. Kinasukuma kipande kirefu kilichopinda, nacho kinaegemea sheni ili isilegee. Kila sheni inaporefuka kidogo, kidole kinatoka kidogo, na meno yanakizuia kisirudi nyuma. Springi ikichoka, meno yakiliwa, au kidole kikitoka hadi mwisho wa uwezo wake, sheni inabaki inapiga kuta za injini. Hiyo ndiyo kelele ya asubuhi. Inasikika zaidi injini ikiwa baridi, na pia motari anapoachia mkono wa gesi. Kupungua kwake injini ikipata moto si dalili ya kupona.

Mwisho wake unajulikana. Sheni ikilegea sana inaruka jino. Supapu zinaanza kufunguka wakati usiofaa, nguvu inapotea, na supapu inaweza kugongwa na pistoni na kupinda. Injini inazima pale pale, na haiwashwi tena kwa teke wala kwa kusukumwa.

Sasa mtu ajiulize inazima wapi. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni hadi Kasindi, mpakani na Uganda, ni karibu kilomita 80. Kutoka Beni kupanda Oicha na kuendelea Eringeti, ni barabara ambayo kila mkaaji wa eneo hili anajua majina ya wafu wake. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, raia wamejifunza kuhesabu saa: ni saa ngapi ya kuondoka, ni saa ngapi ya kuwa tayari umefika. Kupata pane katikati ya msitu saa kumi na moja jioni, ukiwa na watoto wawili na godoro, ni jambo la kutisha hapa kuliko mahali pengi duniani. Familia zilizokimbia Kanyabayonga baada ya M23 kuuteka mji huo mwishoni mwa Juni 2024 zinajua hivyo. Wengi walitoroka kwa miguu, na aliyepata nafasi kwenye pikipiki alijiona mwenye bahati. Bahati hiyo haipaswi kukatika kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Wa kwanza kulaumiwa ni wenye pikipiki. Wengi wao hawajui sauti ya injini yao wenyewe. Wanajua pesa ya jioni tu. Motari akisema injini inagonga, anajibiwa kwamba anatafuta uongo wa kula pesa. Akisimamisha pikipiki siku moja kwa matengenezo, bado anadaiwa malipo ya siku hiyo. Ni kweli, wapo mamotari waliodanganya, wakataja kifaa kisichonunuliwa. Lakini dawa ya uongo si kukataa matengenezo. Mwenye pikipiki aende mwenyewe garajini, anunue kifaa kwa mkono wake, achukue kile cha zamani akitazame. Aandike kwenye daftari tarehe na kilomita. Na atoe siku moja kwa mwezi isiyodaiwa malipo, ili pikipiki iangaliwe. Anayeona siku hiyo ni hasara, ahesabu bei ya supapu, pistoni, sheni na wiki nzima bila kazi.

Wa pili ni baadhi ya mafundi. Kuna fundi anayefungua tandere na kuweka washa nyuma ya springi ili isukume zaidi. Mwingine anabadili springi kwa yoyote iliyopatikana mezani. Mwingine anamshauri motari amimine mafuta mazito zaidi ili kelele inyamaze. Hayo yote yanaficha ugonjwa. Springi inayosukuma kupita kiasi inakula kipande kinacholinda sheni, na vumbi la kipande hicho linaingia kwenye mafuta ya injini. Mafuta mazito yanachelewa kufika juu asubuhi ya baridi, wakati ule ule injini inapoyahitaji kabisa.

Fundi anayeheshimu kazi yake anaanza kwa kusikiliza. Anatofautisha mlio mdogo wa supapu zisizopimwa, tik-tik-tik ya mwendo mmoja, na mgongano wa sheni ya ndani. Anapima kwanza nafasi ya supapu. Hafungui tandere injini ikiwa inazunguka. Anapolitoa, anaangalia kidole kimetoka kiasi gani. Kama kimefika mwisho, sheni yenyewe imekwisha, na kubadili tandere peke yake ni kumnunulia mgonjwa viatu. Hapo anabadili sheni, vipande vinavyoilinda na tandere pamoja, na kuangalia meno ya gia zake. Anapolirudisha, anakirudisha kidole ndani kwanza, ndipo afunge bolti, ndipo akiachie. Anaweka alama za gurudumu la umeme na za gia ya juu mahali pake. Kisha anazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa kiki. Kazi hiyo si siri ya Japani wala ya India. Ni uvumilivu tu.

Wa tatu ni motari mwenyewe, ingawa yeye ndiye mnyonge kati ya hao watatu. Sheni ya ndani na tandere vinaishi ndani ya mafuta ya injini. Injini hizi hubeba mafuta kama lita moja na kidogo tu, wala si zaidi sana. Yakipungua robo, hasara ni kubwa. Motari anayepandisha abiria watatu na gunia la maharagwe kwenye milima ya kuelekea Lubero, huku hajaangalia mafuta wiki nzima, anakula injini kidogo kidogo. Kuangalia kunachukua dakika moja, pikipiki ikiwa imesimama wima. Kufanya vidanje kwa wakati, kwa mafuta ya pikipiki yaliyofungwa kiwandani na si ya chupa isiyo na jina, ni rahisi kuliko kuomba msamaha kwa abiria porini.

Wapo watakaosema: watu wanauawa, na ninyi mnazungumzia sheni? Swali hilo lina uchungu, na linastahili jibu. Raia wa Beni na Butembo hawana uwezo wa kumaliza vita peke yao. Wameandamana, wamezika, wameandika barua. Lakini kuhusu pikipiki, mwenye uwezo ni wao wenyewe. Hakuna waasi waliomkataza mwenye pikipiki kununua tandere. Hakuna jenerali anayepaswa kusaini kabla motari hajaangalia mafuta. Pale ambapo gari la wagonjwa halifiki, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Pale ambapo risasi zinalia, ndiyo lori la kukimbilia. Kitu kinachobeba kazi hizo mbili hakiwezi kutunzwa kama jembe la kuazima.

Kwa hiyo vyama vya mamotari katika komini zote, kuanzia Kimemi na Bulengera hadi Mulekera na Ruwenzori, vianze na jambo moja dogo. Kabla ya pikipiki kupewa zamu ya safari ndefu, iwashwe ikiwa baridi mbele ya msimamizi wa kituo. Ikigonga, ifanye kazi za mjini tu, au iende garajini, mpaka itengenezwe. Chama kinachoweza kukusanya michango ya msiba kinaweza pia kukusanya ya tandere.

Na abiria, hasa familia zilizohama zinazotafuta njia ya kurudi kuona mashamba au kufuata ndugu, wasione haya. Kabla ya kufunga mizigo, mama aombe pikipiki iwashwe, asikilize, kisha motari aongeze gesi kidogo na kuiachia. Akisikia mnyororo ndani ya mkebe, achukue nyingine. Motari atakasirika. Mwenye pikipiki atakaposikia kwamba wateja wamemkimbia, ndipo atakapofungua mfuko.