Marejeleo Elfu, Mgonjwa Bado Kitandani

Msomaji, bado unapiga makofi? Anatangazwa mwanasayansi wa tiba kwamba makala zake zimerejelewa mara elfu kadhaa, ukumbi unalipuka vigelegele, nawe umo. Swali moja hukuliuliza: amemponya nani?

Nimechoka na makofi hayo.

Kurejelewa ni nini? Ni mtafiti mwingine kuitaja makala yako ndani ya yake. Basi! Aitaje kwa kuisifu, kwa kuipinga, kwa kulipana fadhila au kwa mazoea tu, yote huhesabiwa sawa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h: ukiwa na makala 20, kila moja imerejelewa angalau mara 20, basi h yako ni 20. Namba moja tu, na kwa namba hiyo watu wanapewa vyeo, fedha na heshima.

Namba hiyo haijui ukweli. Haijui uongo. Haimjui mgonjwa.

Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Makala ile ilikuwa ya uongo, lakini Lancet haikuifuta mpaka 2010. Katika miaka hiyo ilirejelewa mno, kwa kuwa hata waliokuwa wakiikanusha walilazimika kuitaja. Kwa hesabu ya marejeleo, hiyo ni makala bingwa. Je, kwa hesabu ya watoto walionyimwa chanjo?

Mwaka 2006 jarida la Nature likatoa makala kuhusu ugonjwa wa Alzheimer. Ikarejelewa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2024 ikafutwa, kwa kuwa picha zake zilikuwa zimechezewa. Miaka 18! Wazee wangapi wamesahau majina ya watoto wao wakati watafiti wakirejelea picha za kughushi? Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tumekaa tunacheza mdundo wake.

Sasa nikuulize: dawa mseto uliyomeza ulipougua malaria ilitoka wapi?

Ilianzia kwa Tu Youyou wa Beijing, katika mradi wa siri wa China ulioanza mwaka 1967. Alipekua vitabu vya tiba za kale, akang'amua kwamba kuchemsha mmea uliotajwa humo kunaiua dawa iliyomo, akaikamua kwa kimiminika cha etha. Mwaka 1972 aliimeza yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Makala ya 1977 iliyotangaza muundo wa dawa hiyo, artemisinini, haikuwa na jina la mtafiti hata mmoja; iliandikwa jina la kundi. Tu hana shahada ya uzamivu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Kamati zetu za vyeo zingempa pointi ngapi mama huyu? Sema! Zingempa ngapi?

Na mtafiti Katalin Karikó? Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo mwaka 1995 kwa kuwa fedha za utafiti hazikumfuata. Aling'ang'ania kazi ileile, na kazi hiyo ikazaa chanjo za mRNA za UVIKO-19. Nobel akapewa 2023. Kama angezisikiliza namba za fedha, angefunga maabara.

Usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Vyuo vyetu vingi hupandisha watu vyeo kwa pointi za machapisho. Kijana wa maabara anajifunza mapema: kata utafiti mmoja vipande vitano, pata makala tano. Warejelee rafiki zako, nao wakurejelee. Ukikosa jarida la maana, lipia jarida la kitapeli. Anayetaka kukaa miaka kumi na ugonjwa mmoja wa watu maskini anaonekana mvivu.

Na yule mama wa kijijini aliyetoa damu ya mwanawe kwa ajili ya utafiti? Nani alirudi kumweleza kilichoonekana? Kurudi kijijini hakuna pointi.

Amka, ndugu yangu! Kodi yako ndiyo inayolipa. Mwili wako ndio unaosubiri dawa. Mwaka 2012 wanasayansi wenyewe walikutana San Francisco wakaandika azimio la kukataa mtafiti kupimwa kwa hadhi ya jarida lake. Wao wameshituka, wewe bado umelala?

Mabaraza ya vyuo, someni kazi kabla ya kuhesabu marejeleo. Ulizeni matokeo yamerudiwa na nani yakathibitika. Ulizeni ni tiba gani imebadilika wodini. Ulizeni nani amepona.

Na wewe msomaji, usipige kofi hata moja mpaka wajibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu matofali yake ni maiti.