Mambo ya Nyumbani: Kuondoa Jina la Mwenzi katika Hesabu ya Benki

Liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika nyumba za walimu, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini. Mume na mke wameweka fedha benki kwa majina yao mawili, na sasa yatakiwa libaki jina moja. Wengine hutaka hivyo kwa amani, kwa kuwa mmoja amehamishiwa kazi mbali na kutia sahihi pamoja kumekuwa taabu. Wengine hutaka kwa kuwa nyumba yenyewe imekwisha gawanyika. Tutaandika habari hii kama ilivyo Tanzania, na ya Kenya tutaitaja kidogo.

Kwanza yafaa kujua hesabu hiyo, ambayo siku hizi huitwa akaunti ya pamoja, ni kitu gani. Si mfuko wa mume ambao mke ameruhusiwa kutia mkono, wala si mfuko wa mke. Ni mapatano ya watatu: mume, mke, na benki. Siku ya kufungua, wote wawili walitia sahihi, na tena iliandikwa ni nani awezaye kutoa fedha. Maneno hayo kwa kawaida ni ya namna mbili. Ama ni mmoja wao yeyote, yaani sahihi moja yatosha. Ama ni wote wawili pamoja, yaani karani hatoi hata senti moja asipoziona sahihi mbili. Wengi wamesahau waliandika lipi. Nendeni mkaulize kabla ya kufanya neno lolote.

Na kwa kuwa ni mapatano ya watatu, mmoja peke yake hayageuzi. Hili watu hawapendi kulisikia. Bwana huenda kwa meneja akasema, “Mshahara ni wangu, na hesabu niliifungua mimi, lifute jina la mke wangu.” Meneja ajuaye kazi yake atamjibu kwa adabu kwamba jina la Bibi haliondolewi mpaka Bibi mwenyewe atie sahihi ya kukubali, au mahakama itoe amri. Kadhalika Bibi naye hawezi kulifuta la Bwana. Wala msitafute karani wa ukoo wenu alifanye kwa siri. Na mtu aigaye sahihi ya mwenziwe amefanya kosa la kughushi, nalo lina adhabu katika Kanuni ya Adhabu, ndoa haimkingi.

Wakikubaliana, kazi ni nyepesi. Huenda wote wawili na vitambulisho vyao, wakajaza hati, wakatia sahihi. Benki nyingine huona afadhali kuifunga hesabu kabisa na kumfungulia mmoja hesabu mpya, na sisi twaona njia hii ni safi zaidi, ingawa ina usumbufu. Mwalimu amwarifu mwajiri wake mapema, mshahara usije ukapelekwa kwenye hesabu iliyofungwa. Atazame malipo yanayokatwa kila mwezi. Kadi na vitabu vya hundi virudishwe. Na simu tusiisahau: namba iliyounganishwa na hesabu nayo ibadilishwe, ama sivyo aliyetoka katika daftari ataendelea kupokea habari za fedha zisizo zake.

Deni ni jambo jingine. Ikiwa hesabu ina deni walilolichukua pamoja, kwa kawaida benki yaweza kumdai yeyote kati yao deni lote, si nusu. Kutoka kwa jina hakulifuti deni la nyuma, ila benki ikubali kwa maandishi. Basi mke anayefurahi kwamba jina lake limetoka, na aulize kwanza habari ya mkopo.

Lakini je, wasipokubaliana? Hapa ndipo penye maumivu. Ikiwa sahihi moja yatosha, mmoja aweza kwenda asubuhi na kutoa yote, na benki haina lawama, maana imetenda kama ilivyoagizwa. Mwenzi aliyeachwa mikono mitupu hudhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kuruhusiwa kutoa fedha si sawa na kuwa mwenye fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, yasema kwamba mali iliyo kwa majina ya mume na mke pamoja hudhaniwa kuwa ni yao sawasawa, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Tena kifungu cha 114 chaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Katika mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Huko Kenya, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 nayo hudhani usawa kwa mali yenye majina mawili; ila katika mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kugawana nusu kwa nusu si jambo la kujiendea lenyewe, bali mchango wa kila mmoja hupimwa.

Kwa hiyo anayeogopa asingoje. Aiandikie benki barua kwamba pana ugomvi, na nakala yake igongwe muhuri na kutunzwa. Kwa desturi benki ikipata habari hiyo huzuia fedha zisitoke mpaka wote wakubaliane au mahakama iamue. Lakini jueni kwamba kizuizi hicho chawafunga wote wawili, na ada ya watoto pia. Basi ikiwezekana, wapatane kwanza juu ya ada na chakula, hata kama hawasemezani kwa mengine. Baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa kawaida hutangulia shauri la talaka, ni mahali pazuri pa kuliandika patano hilo.

Limebaki la mjane. Mumewe akifa, asitumie kadi ya marehemu, hata watu wakimwambia aharakishe kabla benki haijajua. Apeleke hati ya kifo, aulize yale maneno ya siku ya kufungua: je, yasema salio ni la aliyebaki? Yakisema hivyo, njia yake ni fupi. Yasiposema, benki yaweza kutaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nao walio hai wote wawili waweza kuuliza neno hilo wiki hii, wakiwa pamoja mbele ya karani.