TUME ZA MSIBA ZATOSHA, SASA TUPEWE CHOMBO HURU

Ndugu msomaji, hebu hesabu nasi. Mei 21, 1996, mv Bukoba, karibu kabisa na Mwanza. Septemba 10, 2011, mv Spice Islander, mkondo wa Nungwi. Julai 18, 2012, mv Skagit, jirani na kisiwa cha Chumbe. Septemba 20, 2018, mv Nyerere, gati la Ukara likionekana kwa macho. Kila mara bendera ilishushwa nusu mlingoti, redio zikapiga nyimbo za maombolezo, vigogo wakavaa nyuso za huzuni, halafu ikaundwa tume.

Tume! Wanatume wanateuliwa na mkubwa, wanalipwa posho na mkubwa, taarifa wanampelekea mkubwa yule yule, naye ndiye anayeamua wewe uliyefiwa uambiwe kiasi gani. Baada ya hapo wanatawanyika. Ajali nyingine ikitokea, wanaokotwa watu wengine wanaoanza moja.

Chukua mv Bukoba. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, yaani walalahoi wenzako na wenzangu, hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo watu wanabishana walikufa wangapi. Meli ilipinduka ikaelea kichwa chini kwa saa kadhaa, watu wakigonga kutoka ndani. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama. Somo la tundu lile lilipaswa kufundishwa kila bandari ya nchi hii. Nani alipewa kazi ya kulifundisha, na nani anamfuatilia?

Sasa njoo Ukara. Kivuko kilipangiwa abiria 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Mwenye kivuko ni TEMESA, wakala wa serikali. Mkaguzi ni TASAC, ambayo mwaka ule ndio kwanza ilikuwa imepokea kazi hiyo kutoka SUMATRA. Wote wawili walikuwa chini ya wizara moja! Mwenye chombo na mkaguzi wake wanakula sahani moja, kisha tume inateuliwa na serikali hiyo hiyo. Wazee waliliona hilo zamani: kesi ya ngedere umempelekea nyani.

Tuwe wakweli. Rais Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe, na bodi ya TEMESA ikavunjwa. Hatusemi hakikufanyika kitu. Lakini kukamata ni kazi ya polisi, na nahodha anayeona pingu mbele yake hawezi kukueleza kwa nini alizoea kujaza watu kila siku ya gulio na nani alikuwa anafumba macho. Atanyamaza, na angekuwa mjinga asiponyamaza. Kwa sababu hiyo kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, zilizoanza kutumika Januari 1, 2010, zinautenganisha uchunguzi wa chanzo cha ajali na utafutaji wa mtu wa kubebeshwa lawama. Mahakama ifanye yake, na wachunguzi nao wafanye yao.

Wapo watakaokuambia kanuni hizo ni za meli zinazovuka mipaka, si za vivuko vya kwetu. Sawa. Kwani roho ya mtu wa Ukara nayo inahitaji pasipoti?

Waingereza walijifunza kwa maumivu. Machi 6, 1987 meli yao Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Baharia aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala. Wakafa watu 193. Ingekuwa rahisi kumtia ndani mlala usingizi na kufunga jalada, lakini uchunguzi ulikwenda hadi kwa waliokaa ofisini. Mwaka 1989 wakaanzisha kitengo maalumu cha kuchunguza ajali za majini, kikatengwa na wale wanaokagua meli.

Mwandishi wa maoni haya alipanda boti moja mwaka juzi. Maboya ya kujiokolea yalikuwa kwenye sanduku, sanduku lina kufuli. Nilipouliza ufunguo uko wapi, yule kijana wa tiketi alicheka, akaniambia, "Bro, kwani unataka kuzama?" Abiria wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nalikumbuka cheko langu kwa aibu.

Tunachodai ni chombo cha kudumu chenye sheria yake, kisicho mtoto wa wizara ya uchukuzi wala wa mkaguzi. Kifanye kazi bara na Zanzibar, maana maji hayaulizi hii ni ya TASAC au ya mamlaka ya Zanzibar. Kichunguze hata mtumbwi wa injini uliozama na watu kumi, sio meli kubwa tu. Taarifa yake itoke kwa Kiswahili, iuzwe kama gazeti hili, na anayekataa pendekezo aandike kwa nini amekataa na aweke sahihi.

Mbunge wako akifika kijiweni kuomba kura, usimuulize habari ya fulana. Muulize: mheshimiwa, taarifa za tume zile nne umesoma ngapi?