Kabla Shamba Liuzwe, Piga Hesabu ya Mwaka wa Pili

Mvua ikinyesha jioni, nauli ya matatu kutoka mjini hadi Njoro hupanda na hakuna anayekuuliza. Masomo ya ng'ambo nayo yamekuwa hivyo. Nchi uliyosikia juzi kwamba iko wazi, leo imepandisha bei au imefunga mlango nusu. Shida ni kwamba wengi wetu huku Nakuru tunauza ng'ombe kwa habari ya zamani.

Angalia Canada, ambayo ilikuwa wimbo wa kila mtaa. Januari 2024 ilipandisha pesa ambazo mwanafunzi lazima aonyeshe, mbali na karo, kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635. Mwezi huo huo ikatangaza kikomo cha vibali vya masomo. Uingereza nayo ikakataza wanafunzi wengi kwenda na mume, mke au watoto. Julai 2024 Australia ikapandisha ada ya viza kutoka dola zao 710 hadi 1,600. Marekani, mwishoni mwa Mei 2025, ikasimamisha kwa muda kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, na iliporejea ikataka waombaji waache kurasa zao za mitandao wazi zikaguliwe.

Ndiyo maana sasa stori zote ni Ujerumani. Ni kweli, vyuo vingi vya umma kule havitozi karo. Lakini neno "bure" lisikulevye. Unatakiwa kuonyesha una yuro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, na wengi huziweka kwenye akaunti maalum kabla hata ya kupata viza. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kuna pia njia ya mafunzo ya kazini, kama uuguzi na ufundi, ambapo unalipwa posho ukijifunza. Hapo nako, bila Kijerumani cha kueleweka huendi popote.

Sisemi usiende. Wakenya wamekuwa wakifuata elimu mbali tangu zamani. Mwaka wa 1959 ndege ya Tom Mboya ilipeleka vijana 81 Marekani. Wengine wakapitia kwa Jaramogi kwenda Urusi na jirani zake, na baadaye wengi wakaenda India. Wangari Maathai aliondoka 1960, na unajua alichorudi kufanya. Lakini wengi wa kizazi kile walikuwa na wafadhili nyuma yao. Wewe nyuma yako kuna ekari moja ya mathe.

Na usidhani muhuri wa serikali ni kinga. Majirani zetu wa Uasin Gishu walilipa pesa kupitia mpango wa kaunti ili watoto waende Finland na Canada. Wengine hawakuondoka kabisa, na baadhi ya waliotangulia wakajikuta na madeni ya karo ugenini. Agosti 2023 aliyekuwa gavana na wenzake walifikishwa kortini hapa hapa Nakuru kwa mashtaka ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Walikana, na hayo ni ya mahakama kuamua. Ya kwako ni kujua kwamba mzazi aliyelipa hakuwa mjinga. Aliamini tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha. Harambee ya kwanza watu hujaa, ya pili simu hazishikwi. Lakini mimi nilipanda matatu nikarudi nyumbani. Ukikwama Winnipeg, masomo yakisimama kibali nacho kinayumba, na shamba lilishauzwa.

Kwa hivyo usiulize nchi gani inatrendi. Fungua tovuti ya ubalozi mwenyewe, usome sheria na tarehe yake. Andikia chuo moja kwa moja uhakikishe barua yako inajulikana, na karo ilipe kwenye akaunti ya chuo, si ya mtu. Halafu kaa chini na wazazi, mwandike mwaka wa pili utalipwa na nani, kwa jina. Ajenti akikuambia "hiyo niachie mimi", chukua karatasi zako uondoke. Na kama mwaka wa pili hauna jina, subiri. Ndege zitakuwepo. Ekari ikishauzwa, hairudi.