Harusi Imekwisha, Sasa Ndoa na Ianze

Msomaji mpendwa, ninakuandikia nikiwa nimevaa malapa na fulana iliyotoboka kwapani, na haki ya Mungu sijaonja raha kama hii tangu mwaka uanze. Harusi imekwisha! Suti ya kukodi imerudi dukani, mahema yamerudi kwa wenyewe, na sufuria za kanisa zimehesabiwa ikakosekana moja tu. Simu yangu, ambayo kwa miezi mitano ililia usiku na mchana kama mtoto mwenye mchango, sasa imelala fofofo.

Kama hujaoa, keti nikusimulie. Kama umeshaoa, cheka polepole usiwaamshe watoto.

Mimi kwetu ni Kakamega, na mke wangu ni wa Karatina. Wazee wetu walisafiri usiku kucha kwenda kuzungumzia mahari. Walipofika wakaambiwa kwamba mahari ya Wakikuyu haimalizwi. Mjomba wangu akajibu kwamba hata kwa Waluhya ni vivyo hivyo. Pande zote mbili zikaangua kicheko, isipokuwa mimi mlipaji. Siku ya ngurario nilipangiwa safu ya wanawake waliofunikwa leso gubigubi, nimtoe wangu. Nikashika mkono wa shangazi yake! Faini nililipa, na hadi leo shangazi huyo huniita "mume wangu".

Kisha ikaja kamati. Watu 18, kila Alhamisi jioni, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wao. Tulianza na bajeti ya shilingi 250,000. Wakati tunachapisha kadi, ilikuwa imefika 610,000. Nilipopendekeza keki ndogo, nilipigiwa kura nikaanguka vibaya. "Harusi ni siku moja tu maishani," mwenyekiti alisema, na watu wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba hata mimi nilipiga.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tulipungukiwa na shilingi 180,000. Nilikimbilia chama chetu cha akiba na mikopo kazini, wadhamini watatu wakatia sahihi, wawili wao wakiwa wanakamati. Nikajiambia kwamba mchumba nitamweleza kesho, asije akakosa usingizi bure. Kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka nikajikuta nimesimama mbele ya kasisi.

Kuhusu siku yenyewe usiniulize mengi. Nakumbuka kiatu kilichonibana na machozi ya mama yangu. Kuku sikumwonja. Mengine nimeyaona kwenye picha kama wewe.

Ndugu zetu wa Pwani walifanya jambo la busara kuweka fungate, zile siku saba baada ya harusi ambapo maharusi hukaa ndani wakitunzwa na kupikiwa. Sisi tulipata siku tatu, ndani ya nyumba yetu ya kupanga mtaani Umoja, maana Jumatano kazi ilikuwa ikitungoja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilifika Jumanne jioni.

Tulikuwa sakafuni tukifungua zawadi: thermosi nne, mablanketi sita na glasi seti saba. Mke wangu alikuwa akiandika majina ya waliotoa katika daftari ili tuje tuwashukuru. Simu yangu, iliyokuwa karibu naye, ikalia. Akasoma kwa sauti: "Bwana harusi, usisahau makato ya mkopo yanaanza mwisho wa mwezi huu."

"Mkopo gani?" akauliza.

Nilimweleza. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nani mwingine anajua?"

"Kamati," nikasema.

"Kamati yote?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo watu kumi na wanane walijua deni la nyumba yangu, na mimi nikapita katikati yao nikipigiwa vigelegele?"

Hakula usiku ule. Alizichukua zile glasi mpya, zote seti saba, akaziosha moja moja bila kusema neno. Msomaji, mimi nilidhani zitakazomuuma ni zile 180,000. Kumbe zilizomchoma moyo ni wale 18.

Saa sita za usiku nilitoa kila karatasi niliyokuwa nayo: hati ya mshahara, fomu ya mkopo, hata stakabadhi za fundi wa muziki. Nikaziweka mezani nikamwomba msamaha. Alikaa kimya kitambo. Halafu akalileta lile daftari la zawadi, akaligeuza nyuma, akachora mistari. Makato ni shilingi 8,500 kila mwezi kwa miaka miwili. Televisheni tuliyoipania itangoja. Akafunga daftari na kuniambia: "Deni tutalilipa. Lakini ile kamati yako imevunjwa. Hapa kamati ina watu wawili. Ukifanya mkutano bila mimi, hakuna akidi."

Nimetafakari sana maneno hayo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano hapa Kenya: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya kiserikali. Katika hizo tano, hakuna hata moja inayodai keki ya ngazi tano. Sisemi harusi ni mbaya, la hasha. Watu waliacha mashamba na maduka yao wakaja kutuombea dua, na fadhila hiyo sitaisahau. Nasema tu kwamba wote hao walirudi makwao jioni. Waliobaki na hesabu ni wawili.

Kwa hiyo wewe kijana unayepanga harusi ya Desemba, kabla hujamwita mwenyekiti na mweka hazina, keti na mchumba wako na kalamu moja. Mwonyeshe mshahara wako na madeni yako, naye akuonyeshe yake. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lililofichwa huanza kulipwa kwa kusemwa.

Naomba kuishia hapo. Naitwa jikoni. Kuna mkutano, na akidi imetimia.